Kiongozi Mshawishi Si Yule Mwenye Ulimi Mtamu

Miaka kadhaa iliyopita nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, huku upande wa Msambweni. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika na hesabu ilikuwa rahisi: kila nyumba ikitoa shilingi 50 kwa mwezi, pampu itatengenezwa na akiba itabaki. Nikaitisha mkutano chini ya mwembe, nikaazima kipaza sauti cha timu ya mpira. Siku hiyo nilizungumza, wallahi, hata mwenyewe nilijisikia kwamba leo nimezungumza. Nikawakumbusha kina mama safari ya kuteka maji mbali na ndoo kichwani. Nikawakumbusha maradhi ya tumbo ya watoto. Watu wakapiga makofi, na pale nilipotaka wacheke wakacheka. Mwisho wa mwezi nyumba saba zilikuwa zimelipa, na moja ya hizo saba ilikuwa yetu.

Aliyetutoa aibu ni bibi mmoja, mjumbe wa kamati, ambaye mkutanoni hakusema neno. Yeye alipita nyumba kwa nyumba baada ya alasiri, akikaribishwa uani, akiuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbona hukutoa?" Karibu kila alikokwenda jibu lilikuwa lile lile. Kamati iliyotangulia ilichangisha pesa, na hakuna aliyewahi kusomewa hesabu. Bibi akarudi akatuambia taratibu, "Nyinyi mwawaeleza watu habari za maji. Watu hawana shaka na maji. Wana shaka na daftari."

Tukanunua daftari jipya na kuliweka dukani. Kila anayetoa aliandikwa huku akiona, na kila aliyetaka kulisoma alilisoma. Mwezi wa tatu pampu ikaanza kutoa maji.

Tangu siku ile sijaamini tena kwamba ushawishi ni kipaji cha kusema. Na kwa kuwa hapa kwetu Kwale tunaelekea tena kwenye msimu wa kipaza sauti, kura ikiwa ni mwaka 2027, nimeona tuzungumze jambo hili kwa kituo: ushawishi wa kiongozi ni nini, na tutautofautishaje na ulaghai?

NENO LENYE SURA MBILI

Kwa Kiswahili chetu, neno lenyewe lina sura mbili. Twasema kiongozi fulani ana ushawishi, tukimsifu. Lakini pia twasema shetani alimshawishi mtu akaiba. Wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba njia ya kuingia moyoni mwa mtu ni moja, na mwema na muovu wote waweza kuipita. Ndiyo maana tuna methali isemayo maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Watu huitaja kama sifa ya upole, na ni kweli. Lakini mtazame huyo nyoka. Hajaambiwa anatolewa aende wapi.

Mimi nauelewa ushawishi mwema hivi: ni kumfanya mtu akubali jambo kwa hiari yake, akiwa ameelewa, na akiwa bado na uwezo wa kukataa. Ukiondoa hiari, hiyo ni amri. Ukiondoa kuelewa, huo ni ulaghai. Na ukimpa mtu noti ili asiulize, hiyo ni rushwa, hata kama umeiita nauli.

Myunani mmoja, Aristotle, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hoja zake, kwa hisia anazoziamsha, na kwa tabia yake mwenyewe, yaani kama wasikilizaji wanamuona ni mtu wa kuaminiwa. Mimi chini ya mwembe nilikuwa na hoja, na hisia niliziamsha. Kilichokosekana ni hicho cha tatu, na hakikuweza kuletwa na kipaza sauti.

Tuna mifano mitatu hapa hapa pwani ya kusini, na kila mmoja una somo lake.

DIANI NA CHALE: SHERIA BILA MAZUNGUMZO

Mwaka 1995 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Ukiangalia karatasi, nia ilikuwa nzuri. Matumbawe yalikuwa yakiharibika, samaki wakipungua, na watalii walikuja kwa sababu ya bahari hiyo hiyo. Lakini wavuvi waliipinga. Walisema hawakushauriwa ipasavyo, na walihofia kwamba mwisho wa habari ni wao kufukuzwa baharini ili hoteli zifaidi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Hapo kusini, katika mbuga ya bahari ya Kisite, uvuvi umepigwa marufuku kabisa, na mvuvi wa Diani alijua hivyo.

Matokeo yake, hifadhi ya Diani-Chale ilibaki kwenye maandishi. Miaka ikapita bila kusimamiwa kama ilivyokusudiwa.

Somo langu hapa si kwamba wavuvi waliwashinda wataalamu. Aliyeshindwa ni samaki, na baada ya samaki, mvuvi mwenyewe. Hoja ya uhifadhi ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ilifika kwa watu ikiwa imekwisha kuamuliwa. Mtu ukimletea uamuzi uliokwisha kupikwa na kupakuliwa, hata ukiwa mtamu, ataula kwa mashaka. Na siku akipewa nafasi ya kusema hapana, atasema hapana kwa yote mawili: kwa hicho chakula na kwa dharau.

KAYA BOMBO: ULIMI BILA UKWELI

Mfano wa pili ni mzito, na kuna nyumba nyingi za Kwale ambako bado hautajwi kwa sauti.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua silaha. Siku zilizofuata watu wenye asili ya bara waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Vijana hao walikuwa wamekusanywa na kulishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, huku kwetu Kwale. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ya mwaka huo. Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko ya kikabila nchini, na mambo ya Likoni na Kaya Bombo yakawa sehemu ya uchunguzi wake.

Tujiulize kwa unyofu: vijana wale walishawishiwaje? Hawakuanza kwa kuambiwa uongo mtupu. Waliambiwa habari za ardhi, na ardhi ilikuwa shida ya kweli. Waliambiwa habari za ajira, na ni kweli kwamba kijana wa Kidigo alikuwa akizipita hoteli za Diani zikiwa zimejaa wageni na yeye hana kazi. Ulaghai mkubwa una tabia hiyo. Huchukua kidonda cha kweli, ukaupaka dawa ya uongo. Uongo ulikuwa kwenye hatua ya pili, pale walipoambiwa kwamba jirani yao, mpangaji, muuza mboga na fundi, ndiye aliyewanyang'anya.

Na tazama mahali palipochaguliwa. Palichaguliwa msituni, usiku, pakiwa na kiapo. Kiapo maana yake ni kwamba ukishakubali, huwezi tena kuuliza wala kurudi nyuma. Mtu mwenye hoja safi anataka nini na giza? Kilichofuata twakijua. Msako wa vyombo vya usalama uliangukia vijiji vyetu, wakiwamo watu wasiokuwa na hatia. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga milango, na wale waliokuwa na kazi wakazikosa. Kijana aliyeahidiwa ardhi hakupata hata kiwanja cha kuweka kibanda.

Kila ninaposikia mtu akimsifu mwanasiasa kwamba "yule akishika kipaza sauti, watu hawaondoki", mimi hukumbuka kwamba hata wale wa Kaya Bombo walishawishiwa na mtu. Uwezo wa kuwavuta watu, peke yake, hauniambii lolote kuhusu wema wa mwenye uwezo huo.

GAZI: HOJA INAYOONEKANA KWA MACHO

Mfano wa tatu ndio unaonipa matumaini. Uko Gazi, njiani ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Kisha mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaolinda hekta 117 za mikoko.

Namna unavyofanya kazi ni hivi. Mkoko hunyonya hewa ya kaboni, ile inayochangia joto la dunia, na kuifunga ndani ya mti na hasa ndani ya matope. Wanakijiji wakiulinda msitu, kiasi cha kaboni kilichofungwa hupimwa, hukaguliwa na kuthibitishwa na shirika la nje, halafu huuzwa kwa watu na makampuni wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Pesa huingia katika mfuko wa jamii, na wanakijiji wenyewe hujadili zitumike wapi. Zimetumika katika maji ya bomba na katika shule. Mwaka 2017 mradi huu ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walianzisha wa kwao wenye hekta 460.

Sasa hebu jaribu, ndugu msomaji, kuwa wewe ndiye wa kwanza kuueleza mradi huo barazani. Unamwambia mtu ambaye babu yake alikata boriti na baba yake akakata boriti kwamba auache mti usimame, kwa sababu kuna mtu Ulaya atalipia hewa. Hewa! Mimi ningekuwa nimeketi pale ningetikisa kichwa, nikauliza huyu ametumwa na nani.

Na bado watu walikubali. Nikiutazama mradi ule naona sababu tatu, na hakuna hata moja inayohusu ufasaha wa kusema.

Kwanza, muda. Kati ya miche ya mwanzo na mauzo ya kaboni ilipita miaka ishirini hivi. Watu walikuwa wameshaona kwa macho yao kwamba pale palipokuwa matope matupu pameota mikoko. Hoja ilikuwa imesimama ghubani, na kila aliyepita aliisoma.

Pili, aliyeombwa kuacha kitu alifikiriwa atatumia nini badala yake. Watu wanahitaji miti ya kujengea na kuni za kupikia, na huwezi kuiondoa haja hiyo kwa hotuba. Kwa hiyo mradi ulipanda pia mivinje, ili mwenye kutaka mti wa kukata apate wa kukata. Kumwambia mtu "acha" bila kumwambia "shika hiki" ni kumtupia mzigo wako.

Tatu, mambo yalikuwa wazi. Maji ya bomba mtu aliyaona yakitoka, na vitabu vya shule mtoto alirudi navyo nyumbani. Ni lile daftari la bibi yetu, ila kubwa zaidi.

USHAWISHI NI TABIA

Ukiiweka mifano hii mitatu pamoja, utaona kwa nini nasema ushawishi ni tabia kabla ya kuwa ufundi. Una subira ndani yake, kwa sababu mtu hakubali kwa ratiba yako. Una unyenyekevu, kwa sababu lazima umuulize mtu kwa nini anakataa, na ukae kimya mpaka amalize. Na una ujasiri wa aina yake, kwa sababu huenda akamaliza kusema ukagundua kwamba mwenye makosa ni wewe. Bibi wa kamati yetu alitushawishi sisi kwanza, wenziwe wa kamati, kabla ya kuwashawishi wanakijiji. Kiongozi asiyeweza kushawishika hana haki ya kumshawishi mwengine.

Kuna watakaosema mambo haya ni polepole mno. Kipindupindu kikiingia, kiongozi aitishe baraza? Bahari ikichafuka, nahodha apige kura? La. Amri ina mahali pake, na hatari ya ghafla ni mojawapo. Lakini hata amri hutii mtu anayemuamini anayeamuru, na imani hiyo hujengwa siku za utulivu. Tazama juya, wavu wa kukokota unaosomba hata samaki wachanga. Sheria imeupiga marufuku, na nyavu huchomwa hadharani kamera zikipiga picha. Mvuvi asiyeshawishika atashona mwengine. Aliyeelewa kwamba wale wachanga ndio samaki wa mwanawe hahitaji askari ufukweni.

Na katiba yetu ya 2010 imelisema hili waziwazi. Kifungu cha 10 kimeuweka ushirikishaji wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa. Kifungu cha 73 kinaeleza kwamba madaraka ya afisa wa serikali ni dhamana, na kwamba amepewa jukumu la kuwatumikia watu, si nguvu za kuwatawala. Kwa maneno mengine, katiba imemlazimisha kiongozi awe mshawishi. Lakini sisi sote tumewahi kuhudhuria ile mikutano ya maoni ya umma ambako unaandika jina, unatia sahihi, unapewa soda, na maoni yako yanaishia pale ilipoishia soda. Ile ni Diani-Chale iliyovaa nguo mpya.

MBELE YETU

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu Kwale inakuja kushawishiwa sana miaka hii. Uchimbaji wa titani uliofanywa na kampuni ya Base Titanium uliisha mwishoni mwa 2024, na mjadala wa ardhi ile itumike vipi unawagusa watu wengi. Kule Lunga Lunga kuna kilima cha Mrima, ambacho ni msitu wa kaya na papo hapo kina niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na dunia nzima. Leseni ya kampuni moja ilishafutwa pale mwaka 2013, kesi ikafika mpaka mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na mwaka 2018 Kenya ikashinda. Madini hayajahama. Watakuja wengine, na watakuja na wasemaji wazuri. Kisha juu ya hayo, ndiyo hiyo kura ya 2027.

Mimi sisemi Mrima ichimbwe au isichimbwe. Hilo ni la watu wa Mrima, wakishaelezwa ukweli wote. Ninachosema ni kwamba yeyote atakayesimama mbele yetu, awe mgombea, mwekezaji, chifu au mzee wa kaya, tumpime kwa maswali machache. Je, haya anayotuambia hapa ndiyo anayosema akiwa Nairobi, au kuna maneno ya baraza na maneno ya ofisini? Ametueleza hasara pamoja na faida, au hasara tutaijua wenyewe? Anachotuomba tukiache, yeye ameacha nini? Tukimwambia hapana leo, kesho atarudi kutuuliza kwa nini, au atarudi na askari, au na bahasha? Na mwisho kabisa, daftari liko wapi, na nani anaruhusiwa kulisoma?

Akiyajibu hayo kwa upole na kwa ukweli, mpeni sikio, hata kama anababaika kwa maneno na Kiswahili chake kina kigugumizi. Akiyakwepa, basi hata awe na ulimi wa asali, tumpigie makofi kama tulivyonipigia mimi chini ya mwembe, halafu twende zetu nyumbani.

Ile pampu, mkitaka kujua, iliharibika tena mwaka jana. Safari hii hakuna aliyeitisha mkutano. Mtu alikwenda dukani, akafungua daftari, akaona akiba iliyoko, akampigia fundi simu. Bibi yetu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Daftari bado liko dukani, la nne sasa.